Mvueni Tuone

Edina hakuwahi kuficha msimamo wake. Alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Mlowo, na siku za kazi alishona magunia kwenye ghala la mahindi. Tangu mechi ya kwanza, Nyanzobe wa Tunduma alipomgonga kipa wao Dina na kumvunja taya, Edina alisema yule asicheze na wanawake mpaka madaktari wamwangalie. Malalamiko aliyapeleka mwenyewe kwenye kamati ya ligi. Kamati ikajibu kwamba Nyanzobe ni binti wa wafugaji wa Kisukuma kule Momba, amesajiliwa kama mwanamke tangu shule, na hakuna kanuni ya kumzuia. Ligi ikiisha watalitazama.

Basi wakakutana tena, safari hii Tunduma. Uwanja ulifurika hadi watu wakapanda juu ya malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde.

Nyanzobe alikuwa mrefu, kifua bapa, sauti nzito. Hadi mapumziko alikuwa ameshawafunga mawili. Edina alimganda, akamvuta jezi, akamtia kiwiko cha mbavu kila refa alipogeuka. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Kipindi cha pili wakarukia mpira wa kona, na Nyanzobe akatua na goti usoni kwa Ketrina, beki mdogo kuliko wote. Ketrina akaenda chini chali, akatema damu na meno. Refa hakupuliza.

Aliyeruka uzio kwanza ni Danieli, kaka yake Dina. "Mvueni tuone," alisema, na neno likashika upande mzima wa Mlowo mpaka likawa wimbo.

Wakang'oa nguzo za uzio, wakaingia. Nyanzobe alimpasua pua wa kwanza kwa ngumi, wa pili akamkunja kwa teke la tumbo, lakini wa tatu akamchapa yeye nguzo nyuma ya magoti. Nyanzobe akaanguka, akapotelea chini ya miguu yao. Edina alikuwa amepiga magoti akimshika Ketrina kichwa, na kwa kitambo kidogo moyo wake uliridhika. Acha naye aumie.

Kisha watu wakapeana nafasi, akaona. Wawili walikuwa wamemshika Nyanzobe miguu, wanaivuta huku na huku. Danieli alikuwa na kisu, anakata bukta. Nyanzobe alikuwa amebana mapaja kwa nguvu zake zote, na kisu kilikata nguo pamoja na nyama. Mwanamume mmoja aliinama juu yake na simu, akirekodi.

Edina alikimbia. Alimpiga Danieli teke la kisogo, teke la kuondosha mpira golini, kisha akajitupa juu ya Nyanzobe na kumfunika.

"Toka. Unalinda dume?" mmoja alimwuliza. Alikuwa mtu wa Mlowo, jirani yake.

"Huyu havuliwi," Edina alisema.

Wakampiga yeye. Nguzo ilimshukia mkononi, akasikia mfupa ukikatika kabla hajasikia maumivu. Chini yake damu ya paja la Nyanzobe ilikuwa ikimlowesha. Ndipo Ngusa, kaka yake Nyanzobe, alipofika na fimbo ya kuchungia. Alimkuta Danieli anainuka na kisu mkononi. Alimpiga kichwani, akampiga tena ameanguka, na hakuacha hata Danieli alipoacha kusogea. Askari walipofyatua mabomu ya machozi, Danieli alikuwa ameshakufa.

Hospitalini waliwalaza wadi moja. Edina alimgeukia Nyanzobe, akasema bado anaona lazima apimwe. Ketrina hana meno ya mbele.

"Nitapimwa," Nyanzobe alisema. "Lakini kwa daktari, mlango ukiwa umefungwa. Mama alizaa binti, akanilea binti. Damu ya mwezi sijawahi kuiona. Zaidi ya hapo sijui, dada. Hata mimi nataka kujua."

Alipimwa. Majibu alibaki nayo mwenyewe, wala Edina hakumwuliza. Nyanzobe hakurudi uwanjani, alirudi Momba kwenye ng'ombe, kwa kuwa Ngusa alikuwa mahabusu akingoja kesi ya mauaji. Kamati ikatunga kanuni ya vipimo. Wenzake Edina wakampa unahodha mtu mwingine.

Kabla ya hayo, siku alipotoka hospitalini, Edina alikwenda msibani kwa Danieli, mkono ukiwa kwenye plasta. Wanawake walimpisha. Dina alikuwa amekaa mkekani, taya bado imefungwa waya, akizungumza kwa meno yaliyobanwa.

"Ungewaacha wamvue, kaka yangu angekuwa hai."

"Huenda," Edina alisema.

Dina akageukia ukuta. Edina akavua viatu, akaketi pembeni ya mkeka, na hakuna aliyemfukuza.