Amesema Yanaponya

Yanaponya, amesema yanaponya, ndivyo alivyomwambia Bibi, kwa Kinyambo, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeulizwa bei ya mkungu wa ndizi, wala ulimi haukujikwaa, na sasa Bibi Kokubanza ameketi juu ya jiwe, miguu iko ndani ya maji ya moto ya chemchemi, kitenge kimekunjwa hadi juu ya magoti, mvuke unampanda usoni, na Kemirembe amepiga magoti nyuma yake, amemshika kwapani asiteleze, na anajua, anajua vizuri sana, kwamba Edgar hakusema hivyo hata kidogo. Edgar, kijana anayewaongoza tangu asubuhi, kofia yake ya rangi ya udongo na filimbi shingoni, alisimama pale penye mzizi mkubwa akasema, mama zangu, nisiwadanganye, maji haya hayaponyi mtu, joto linalegeza misuli na maumivu yanapungua kwa muda, basi, na mwenye dawa za hospitali asizitupe. Akina mama wa usharika wakaitikia mmh, kama wanavyoitikia matangazo kanisani. Na Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na cha nyimbo tu, akamvuta Kemirembe mkono, amesema nini huyo? Na hapo ndipo… si kwamba alipanga, angekuwa amepanga angeona haya mapema, neno lilitoka lenyewe kama mbuzi anavyotoka zizini ukifungua mlango kidogo tu, amesema yanaponya, Bibi.

Na tangu asubuhi alikuwa hajakosea neno. Basi dogo lilitoka Kayanga na akina mama, likawachukua wao Bweranyange, na ajabu ni kwamba kituo cha kwanza cha utalii kilikuwa hapo hapo Bweranyange, kwao, Edgar akawashusha akaanza kueleza habari za wafalme wa Karagwe na ikulu yao ya zamani, na Kemirembe akageuza kila kitu kwa Kinyambo, mwaka kwa mwaka, mfalme kwa mfalme, na Bibi akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, mwambie vizuri sana, ila hapo aliposimama ndipo mbuzi wangu walipokuwa wanalala wakati wa jua kali. Akaligeuza na hilo pia. Edgar akacheka mpaka akavua kofia, na Bibi akatoa kwenye mkoba wake kifurushi cha jani la mgomba chenye akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, akampa punje mbili kama mgeni aliyefika nyumbani, na kijana akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana Bibi, naona leo mimi ndiye mtalii. Siku ilianza hivyo, siku nzuri, hata walipowakuta tumbili hapa juu ya miti, Bibi akiteremka polepole kwa mkongojo na bega la Kemirembe, aliwaamkia. Siku nzuri, na yeye ameitia mchanga… taratibu, Bibi, jiwe lina utelezi hapo, usisogee mbele… kwa nini alisema? Anajua kwa nini. Usijifanye hujui, Kemirembe. Ulisema kwa sababu ulitaka iwe kweli, na ulitaka iwe kweli si kwa ajili ya Bibi.

Mpaka Bibi asimame. Haya yalikuwa maneno ya Mjomba Yustus, kwenye simu kutoka Mwanza, ule mwaka Bibi alipoteleza kwenye majani ya migomba yaliyolowa, nyonga ikavunjika, na Kemirembe alikuwa kidato cha tatu, muhula wa pili, amefunga kitabu cha fizikia akaweka kijiti kwenye ukurasa ili akirudi ajue alipoishia. Utakaa na Bibi, mwanangu, mpaka Bibi asimame, halafu utaendelea, na yeye akasema ndiyo Mjomba, na angesema nini kingine, huyu ni Bibi aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, aliyemkaangia senene akamwachia walionona, ungemwacha na nani? Akasema ndiyo kwa moyo wote. Lakini Bibi hakusimama. Alijifunza kutambaa na mkongojo kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka jikoni, na hapo akafika, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kama yale maneno bado yapo. Edgar anaeleza kitu upande wa pili, anaonyesha bwawa lile dogo linalotokota, hilo msiguse, hilo linapika yai, anasema, na mmoja anamtania, basi na wewe ungekuja na mayai, mwanangu, na wanacheka… muda mfupi kabla ya hapo Edgar aliuliza, nani anajua kwa nini maji yanatoka ardhini yakiwa moto? Mkono wa Kemirembe ukataka kupanda, ukafika usawa wa bega, kwa sababu alijua, miamba ya chini ina joto, maji ya mvua yanazama mpaka yanaifikia, kisha… na kisha nini? Ni nini kinachoyasukuma kurudi juu? Alijua nusu ya jibu. Nusu nyingine ilifundishwa siku ambazo yeye alikuwa anamgeuza Bibi kitandani asipate vidonda, akaushusha mkono, akajikuna shingo ili watu wadhani alikuwa anajikuna tangu mwanzo.

Miguu inasikiaje humo majini? Ni Bi Najat, anakuja kuketi jiwe la pili, mwenye duka la vitenge pale Kayanga, Mwislamu pekee katika safari ya Walutheri, alisema asubuhi kwamba amekuja kwa kuwa kiti kilikuwa kimebaki na yeye hapendi kiti kikae bure. Amekusanya baibui lake mkononi, anaingiza kidole kimoja majini, anakitoa, anakiingiza tena. Anaongea Kinyambo cha dukani, kifupi, cha bei na rangi na mita, lakini Bibi anakipenda kwa sababu ni Kinyambo. Inasikia vizuri, anasema Bibi, nahisi mpaka kwenye mfupa, na huyu mjukuu wangu ameniambia, yule kijana amesema yanaponya. Bi Najat anainua macho. Hamtazami Bibi, anamtazama Kemirembe, moja kwa moja, juu ya kilemba cha Bibi, na Kemirembe anakumbuka kwamba Bi Najat alikuwa amesimama mbele kabisa pale penye mzizi, karibu na Edgar kuliko wote. Anangoja. Mikono yake iko kwapani mwa Bibi, hana pa kuificha, hana pa kuuficha uso. Kasema hivyo? anauliza Bi Najat. Ndiyo, anajibu Bibi, si umesikia na wewe? Na Bi Najat anaupima upindo wa baibui kwa vidole kama kitambaa cha dukani, kisha anasema, mimi masikio yangu ya upande huu ni mazito, Mama Mkubwa, mwenye kujua alichosikia ni mjukuu wako. Halafu kwa Kiswahili, taratibu, akiangalia maji, kama anajisemea, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Anasema nini? anauliza Bibi. Anasema… ni methali, Bibi, anasema ukishavua nguo lazima uoge. Bibi anacheka, na mabega yake yanacheka mikononi mwa Kemirembe, mepesi, lini yamekuwa mepesi hivi? Mwambie nguo zangu sivui mbele ya yule kijana.

Nikipona, anasema Bibi sasa, na ni yale maneno yenyewe, nikipona, Kemirembe hajawahi kuyasikia kinywani mwake, miaka miwili hajawahi, alikuwa anasema Mungu akipenda, alikuwa anasema tumeshazeeka, kamwe si nikipona. Nikipona, kitu cha kwanza, naenda kwa Dastan. Jirani? anauliza Bi Najat. Jirani, anasema Bibi, alisogeza mpaka, alipanda migomba yake mitatu ndani ya shamba langu kwa kuwa anajua siwezi kufika kule chini, anadhani sijui, na mke wake Vero ni mtu mwema, ananiletea maji kila jioni, sitaki kumtuma mtoto na maneno, haya ni maneno ya kwenda nayo mwenyewe, nimkute amesimama na mimi nimesimama, nimwambie machoni, Dastan, ng'oa. Bi Najat anacheka mpaka baibui linalowa. Na baada ya Dastan? Baada ya Dastan naenda kanisani kwa miguu yangu, nikae mbele, siyo nyuma karibu na mlango kama mzigo unaosubiri gari. Na kesho asubuhi, anasema Bibi, sauti imeshuka, ni ya kwake mwenyewe, kesho huyu akiwa bado amelala nitajaribu kuinuka bila kumwamsha.

Na ndipo Kemirembe anaposikia baridi mgongoni, mbele kuna joto la bwawa na nyuma baridi, kwa sababu ameiona, ameiona yote, chumba bado cheusi, jogoo wa Vero hajawika, Bibi anashusha miguu taratibu ili kitanda kisilie, anaacha mkongojo ukutani makusudi, kwa nini aushike, si ameponywa, na sakafu ya saruji… na huyo aliyemwambia ainuke si Edgar, ni yeye, Kemirembe. Neno lake limepata mikono, kesho litamwinua Bibi kitandani na kumwachia. Mungu wangu. Na bado, na bado kuna sehemu ndani yake, ndogo, inayong'ang'ania, inayosema lakini vipi kama, watu si wamekuwa wakija hapa tangu zamani, vipi kama goti… na Bibi kama aliyemsikia anasema, hebu nishike, mwana wangu, goti hili naona linafunguka, nishike nijaribu, na uzito wake unaanza kuinuka, vidole vyake vinatafuta jiwe, na Kemirembe anambana kifuani kwa nguvu kuliko alivyokusudia, bado, Bibi, keti, keti kwanza, tafadhali. Haya, anasema Bibi, anarudi chini, hana haraka, ana imani, na hiyo ndiyo inayouma, imani ya mtu anayesema haya kwa kuwa ni wewe uliyemwambia.

Lakini sikiliza, kwani aliyataka haya? Hakutaka Bibi aruke, alitaka… Joyness, waliyekaa naye dawati moja, alimpigia wiki iliyopita, kuna kituo Kayanga, shoga yangu, wanachukua wasichana walioacha, unasoma miaka miwili unafanya mtihani wa kidato cha nne kama watu wote, mwisho wa mwezi wanafunga kuandikisha, shangazi yako Stephania si yuko Kayanga, utalala kwake, Ijumaa unarudi Bweranyange. Na Kemirembe akasema, Bibi hajasimama. Joyness akauliza, je, umemuuliza? Kumuuliza nini? Kumuuliza Bibi. Na yeye akakasirika, akasema huelewi, akakata simu kwa kisingizio cha chaji… Hajamuuliza. Miaka miwili amemwosha, amemgeuza, amemtafsiria daktari na mchungaji na leo wafalme wote wa Karagwe, na hajawahi kumuuliza swali moja la kwake mwenyewe. Walipopita Rubwera asubuhi wakaona wanafunzi wametoka masomo ya ziada, sketi za bluu, Bibi alimgusa, hao si wenzako? na yeye akasema hapana, Bibi, hao ni wa shule nyingine, akageukia dirisha la upande wa pili. Bibi alikuwa anauliza. Bibi labda amekuwa akiuliza siku zote, na yeye anamtafsiria kila mtu isipokuwa Kemirembe. Aliyesema mpaka Bibi asimame ni Mjomba Yustus, na Mjomba yuko Mwanza. Bibi hakusema. Bibi aliyeketi anaweza kuulizwa. Wala si lazima mtu apone ndipo aulizwe jambo, ana akili zake, ana ugomvi wake na Dastan, ana Vero wa kila jioni, anaweza kusema nenda, anaweza kusema usiende, na akisema usiende itauma, Mungu anajua itauma, lakini litakuwa jibu, litakuwa na mtu wa kulisema, na mtu unaweza kumwomba tena kesho, na kesho kutwa, nyonga huwezi kuiomba. Ajabu, kifua kimepata nafasi. Hakuna kilichobadilika, maji ni yale yale, tumbili yule anatafuna kitu kile kile, na yeye bado ni mwongo hapa nyuma ya bibi yake, na hata hivyo anapumua kama aliyetua ndoo. Kwanza atarudisha alichoiba. Atasema hayaponyi, na uso wa Bibi utaanguka, atautazama ukianguka, hatageukia dirisha, kisha atasema, ila yanapunguza maumivu, hilo alilisema kweli, na kule kwenye mpaka wa shamba tutakwenda wote wawili, nitakushika hivi hivi na Dastan atang'oa. Kisha la kituo. Kwa mpangilio huo, lisitangulie la kituo, asije akaonekana analiuza moja kwa jingine.

Edgar anapuliza filimbi, anapaza sauti, mama zangu, kidogo tu hapa kisha tunapanda juu kula, na asiyeweza kupanda asione haya, mimi mgongo wangu upo. Wanamzomea kwa furaha, mmoja anasema mgongo wenyewe uko wapi, mwembamba kama ufagio. Bi Najat ametoa miguu, anajipangusa kwa ncha ya khanga, hamtazami tena Kemirembe, amemwachia neno lake mwenyewe. Na Bibi anageuza shingo nusu, mvuke kwenye kope, amesema nini sasa? Amesema tukae kidogo, Bibi, kisha tutakula, na amesema atakubeba. Nibebwe na yule? Ndiyo. Mtoto wa watu atavunjika. Kemirembe anashusha kidevu mpaka karibu na sikio la Bibi, maji yanazunguka miguu minne, kwa kuwa ya kwake nayo imeingia, hajui saa ngapi. Bibi, anasema, ngoja nikuambie upya alichosema kule mwanzo, sikukuambia sawasawa. Na Bibi anatulia, anaegemea nyuma, uzito wote juu ya kifua chake. Sema, anasema, miguu ndiyo iliyo majini, masikio yapo hapa.