Tangi la Kinyozi

Kinyozi alikuwa bado mgeni katika kundi la wafuga matumbawe, na tayari walishampa vipande vingi kuliko alivyoweza kuvipanga. Tangi lake la maji ya chumvi lilikuwa dogo, limebanwa sebuleni kati ya kochi na kabati la vyombo. Mwanzoni lilikuwa na tumbawe moja tu alilolikuza mwenyewe, la kijani, lililofunguka kila asubuhi kama kiganja cha mtoto. Sasa lilizungukwa na zawadi, za zambarau na za manjano.

"Watu wanakupa tu, hivi hivi?" mkewe aliuliza. "Mimi kaka yangu wa tumbo moja hajawahi kunipa hata sindano bila kunizungusha."

"Ndiyo utaratibu wetu," alijibu, na hilo "wetu" likamkaa vizuri mdomoni. "Unampa mwenzako kipande. Chako kikifa, naye anakukatia."

Aliyempa zaidi ya wote alikuwa daktari wa meno, ambaye tangi lake lilijaza ukuta mzima wa chumba cha kusubiria wagonjwa. Alivileta vipande mwenyewe, akavipanga kwa mkono wake, kisha akawa anapiga simu mara kwa mara: vimefunguka? vina mabaka? Kinyozi akajiona anatunzwa kama mdogo wake.

Kisha tumbawe la kijani likaanza kunywea. Mabaka meupe yalianzia kwenye shina, yakapanda. Kinyozi alibadilisha maji, akapunguza taa, akashinda amechuchumaa mbele ya kioo. Alipolitoa lilikuwa mfupa mtupu, na chini yake yamebandikana mayai ya kahawia, madogo kama ufuta. Alijilaumu. Alimwomba radhi hata daktari kwa kushindwa kutunza.

Wiki hiyo hiyo daktari alikuja kunyolewa ndevu. Povu likiwa limemjaa kidevuni, uliingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake, naye akaubonyeza bila kufikiri. Ilikuwa sauti ya fundi saa, mwenzao wa kundi. "Daktari, ile dawa uliyochovyea vipande vya kinyozi imeua minyoo, au bado inatafuna? Kama bado, mimi siweki kitu kwangu. Mpe na hivi vyangu viwili, tuone."

Wembe ulikuwa shingoni. Mkono wa kinyozi ukasimama.

"Umesikia," daktari alisema, akimtazama kwenye kioo.

"Nimesikia."

"Usilikuze jambo hili. Tangi langu ni la miaka mingi. Lako likifa, umepoteza nini? Lazima viangaliwe mahali kwanza."

"Tumbawe langu limekufa."

"Najua. Ndiyo tukajua dawa haifai kitu." Akainua kidevu ili anyolewe vizuri chini ya taya.

Kinyozi akamaliza kumnyoa, taratibu, bila kumkwaruza, akamfuta kwa taulo ya moto. Baadaye alijichukia kwa ile taulo kuliko kwa lolote lingine.

Mlangoni daktari akageuka. "Tumepata mgeni, yule mwalimu wa chekechea. Mpelekee wewe vipande. Nami nitakukatia lile langu la rangi ya moto. Safi kabisa."

"Achana nao," mkewe alisema aliposimuliwa. Naye alikata kauli kuachana nao, na kwa muda hata simu zao hakupokea. Lakini lile la rangi ya moto daktari hakuwahi kumkatia mtu, na kila alipokaa kula, macho yalimwishia kwenye tangi.

Akaenda, vipande vile vile alivyopewa na daktari vikiwa ndani ya mfuko wa maji. Mwalimu alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa kimya. Tangi lake, alisema, ndilo lililokuwa likimtoa kitandani kila asubuhi. Alipoupokea mfuko machozi yalimlenga.

"Sikujua bado kuna watu wenye mkono wazi hivi, kaka yangu."

"Ndivyo tulivyo," kinyozi alisema, akamwonyesha pa kuviweka.

Haikupita miezi miwili mwalimu akapiga simu, wakati kinyozi na mkewe wako mezani. Vyote vimekufa, alisema, na sauti ilikuwa ikimkatika. Amekosea wapi?

"Labda ulizidisha chakula, dada," kinyozi alisema. "Wageni wengi hukosea hapo."

Mwalimu akamwomba radhi kwa kuziharibu zawadi zake. Kinyozi akamwambia asijali, akakata simu, akavuta sahani. Mkewe alichukua ya kwake, akaenda kula jikoni.