Habari Zilizorudi

Mstari wa grafu ulishuka kama tulivyotarajia, kisha ukaanza kupanda tena. Mdogo wangu aliweka kidole pale pale kwenye kioo cha kompyuta. "Dada, zinarudi."

Nilimwelewa. Kazi yetu maabarani ilikuwa kufungia chembe moja kwenye baridi kali na kupima inavyopoteza habari zake. Kuta za chombo, mabaki ya hewa, hata ujoto mdogo wa waya, vyote huigusa chembe na kuondoka na kitu, mpaka siri yake yote imeenea nje. Tulichofundishwa ni kwamba zikishatoka, zimetoka. Yeye, mwenye miezi minne tu kazini, alikuwa ameona mazingira yakizirudisha.

"Ni mtetemo wa pampu huo," nilimwambia.

Haukuwa mtetemo. Miaka miwili kabla, mstari wangu mwenyewe ulipanda vivyo hivyo, nami nikaukata mkia nikidhani ni hitilafu ya mitambo. Vipimo kamili bado nilikuwa navyo.

Mkuu wa maabara naye hakumwamini. Akanigeukia. "Wewe mkongwe, umewahi kuona kitu kama hiki?"

Nilimwonea wivu. Tangu utotoni, mwenye akili nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Yeye alikuwa mchekeshaji. Nani alimruhusu kuhamia upande wangu?

"Sijawahi," nikasema.

Wiki tatu alirudia jaribio, akila mkate amesimama, akikonda huku namtazama. Asubuhi moja nilimkuta amelaza kichwa mezani.

"Dada, labda naona kisichokuwepo. Niache?"

Neno "acha" lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui nini kilinizuia. Pengine ni ile sauti, ya mtu anayeniamini bado. Nikafungua faili langu, nikamgeuzia kompyuta. Alisoma tarehe kabla ya kuutazama mstari.

"Ulikuwa navyo siku zote."

"Ndiyo."

Makala ilitoka na majina yetu mawili, lake likitangulia. Langu aling'ang'ania yeye liwemo, na mkuu hakuambiwa kwamba nilikuwa nimeficha.

Siku hizi ana maabara yake. Nikimtembelea hunipokea vizuri, hunikalisha kwenye kiti kizuri, akauliza hali ya watoto na ya mgongo wangu. Habari za kazi haniambii. Mimi huzisoma majaridani, kama watu wengine.