Kadi Iliyokosa Ukoo

Hebu niambie, umeshawahi kuona kadi mia mbili zimelala kitandani, na mwenye kitanda amelala chini? Ndivyo alivyoishi mjukuu wa bibi mmoja mshonaji tangu apewe kazi na mwalimu wake wa chuo. Kila kadi ilikuwa lugha moja, na nyuma yake maneno kumi. Alizipanga kifamilia, kisha akazijumlisha familia zile ziwe ukoo mmoja mkubwa, ambao mwalimu mwenyewe alikiri ni dhana tu, haujathibitishwa.

Bibi alikuwa akitia shuka kiraka, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye kadi. Moja ilikaa peke yake juu ya mto wa kulalia. Alipolisoma jina la lugha hiyo, sindano ikasimama. Ni lugha aliyonyonya nayo, akaiacha alipoolewa mbali. Pale nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake.

"Huyu kakosa nini hadi katengwa?"

"Kakosa ndugu, mke mwenzangu. Ila leo nimempatia. Sindano, uzi, kifungo: yote yanafanana na ya familia hii hapa. Nampachika humu, kesho nawasilisha."

Bibi akacheka hadi miwani ikamshuka puani. "Ewe profesa wangu! Vitu hivyo vililetwa na wachuuzi wa ng'ambo ya mlima, majina yakaja navyo humo humo mfukoni. Mimi nikiazima gauni la jirani, ndiyo nimekuwa dada yake? Tazama jino, ulimi, goti. Hivyo havichuuzwi."

Mjukuu akatazama. Jino, kufanana wapi! Ulimi, wapi! Akashusha pumzi, akairudisha kadi pale pale juu ya mto.

"Na hapo kwenye goti," bibi akaongeza, macho kwenye kiraka, "aliyeandika alidanganyika. Hicho ni kiwiko."

Mjukuu akasimama wima, kadi tatu zimemng'ang'ania kwenye sketi. "Bibi! Umejuaje?"

"Nimejua kwa kuwa mama alikuwa akinipiga nacho, nikisinzia."

"Na miaka yote hii umekaa kimya tu?"

Bibi akakata uzi kwa meno, akaikunja shuka mara nne, akailaza magotini.

"Nilikuwa nangoja kuulizwa," akasema. "Mambo ya ukoo pangeni wenyewe. Mimi nataka kila asubuhi uniamkie kwa lugha hiyo, nami nikuitikie."