Uzito wa Nyumba Yetu

Baba alikuwa akiniambia kwamba mimi ndiye ninayeinua gari. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba kama ufito, na nilimwamini.

Kila Juni, siku ya gwaride la mji wetu wa Calarcá, madereva wa jipu za Willys hupakia vitu vyote vya nyumba kwenye magari yao, kama watu wanaohama: kitanda, kabati, jiko, picha ya Moyo Mtakatifu, kuku, hata chungu cha kukojolea. Ni magari madogo ya wazi. Yalitengenezwa kwa ajili ya vita, yakaja kuzeekea kwetu yakibeba kahawa na ndizi. Mzigo hupangwa ukining'inia nyuma, mpaka magurudumu ya mbele yanaacha ardhi na pua ya gari inatazama juu. Hapo dereva hutoka kwenye usukani, huvua kofia, na hutembea kando ya gari linalozunguka lenyewe kwa magurudumu mawili ya nyuma. Hicho ndicho watu wanachokuja kuona.

Wengine huazima vitu kwa majirani ili mzigo uwe mzito. Baba hakuazima hata sufuria. Alisema nyumba ya kuazima si nyumba. Alipakia vya kwetu tu, halafu akaniinua na kuniweka nyuma kabisa, juu ya kila kitu, kwenye kiti cha kubembea, kuku akiwa mapajani mwangu.

"Kaa hapo, mwanangu," alikuwa akisema. "Bila wewe haliinuki."

Na kweli liliinuka. Nilimtazama kutoka juu akitembea kando yetu na kofia mkononi, kichwa chake chenye upara kiking'aa, na nilijua kwamba mimi na yeye tulitosha.

Maana tulikuwa wawili tu. Nilipokuwa na miaka minane mama alikwenda mji wa Cali na mwanamume mwingine, akachukua nusu ya nyumba: kitanda kikubwa, cherehani, na lile kabati la mwerezi aliloachiwa na mama yake. Baba mwenyewe ndiye aliyempakilia, kwa sababu kuhamisha watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifunga kila kitu vizuri, akaweka blanketi kwenye kioo cha kabati kisivunjike, akampeleka mpaka barabarani, ambako lori lilikuwa likisubiri. Alirudi na kamba zimekunjwa begani. Hakulizungumza jambo hilo tena.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome mbele ya wenzangu na sauti ilikuwa haitoki. Kwenye gari hakuna aliyehitaji sauti yangu. Nilimpa baba spana kabla hajaiomba, nilifunga turubai, nilikaa juu ya magunia mpaka sokoni na kurudi. Watu walidhani mimi ni bubu na baba hakuwasahihisha, kwa sababu nilimwomba asiwasahihishe.

Alikufa kwa mapafu, mwaka juzi. Madereva wenzake walimsindikiza kwa msafara wa Willys mpaka makaburini, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake, na mimi nikafunika gari kwa turubai bandani, ubavuni mwa nyumba. Nililifunua tu kwa sababu kuku mmoja alikuwa ametoweka. Nilimkuta ameatamia chini ya usukani. Nilipomsogeza niliona kutu imekula sakafu mpaka udongo wa chini unaonekana. Nikaona aibu, kama mtu aliyekuta mgonjwa wake hajaogeshwa.

Siku hiyo niliamua kwamba Juni ijayo gari litainuka tena. Kwa vitu vya nyumba yetu, bila kuazima. Sikumwambia mtu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilianza na injini kwa sababu ndiyo niliyoijua. Nilifungua kabureta juu ya meza ya chakula, nikaiosha kwa petroli na mswaki wa baba. Nilisaga valvu kwa mkono, nikabadilisha gasketi na plagi, nikasafisha tangi lililojaa matope mekundu. Kisha bodi. Nilikwangua rangi mpaka nikakuta kijani cha jeshi chini ya buluu ya baba, na chini ya kijani bati tupu. Nilipofika nyuma, chini ya sakafu iliyooza, nilikuta kipande cha reli, ile ya treni iliyokufa zamani, kimefungwa kwa bolti nne kukatisha mkia wa gari. Nilidhani ni kiraka cha chesisi. Chesisi ilikuwa nzima, kwa hiyo nikazikata bolti. Reli ilianguka chini kwa kishindo kilichotimua kuku wote. Niliiburuta kwa kamba mpaka mlango wa jikoni, na tangu hapo ikawa fuawe yangu. Kila bati lililopinda nililinyoosha juu yake. Madigadi yote mawili, boneti, mlango wa nyuma, vyote vilipata umbo lake juu ya reli ile.

Jirani yangu, Mama Ubaldina, mjane anayeoka mikate ya mahindi, alikuwa akinisemesha kupitia juu ya ukuta kila nyundo ilipoanza. Alisema vifaranga wake wataanguliwa viziwi. Alisema kama ningegonga hivyo kwenye mlango wa kijana mmoja, ningekuwa nimeolewa. Nilitikisa kichwa, nikatabasamu kidogo, nikasubiri aingie ndani ndipo niendelee. Katika miaka yote ya kuishi ukuta kwa ukuta, sidhani kama nilikuwa nimempa sentensi nzima.

Mzee Arcesio, aliyeendesha pamoja na baba tangu ujana wao, alikuja kunichomelea sakafu mpya kutoka juu, mabati nikiwa nimekwisha kuyalaza. Alifanya kazi, akanywa kahawa akiwa amesimama, akaondoka. Rangi nilipaka mwenyewe, buluu ileile. Mwezi Mei gari liliwaka. Nilikaa kwenye usukani nikaliacha lingurume, na nikajikuta nimegeuza kichwa kumtafuta mtu wa kumtazama.

Siku moja kabla ya gwaride nililitoa bandani mpaka kwenye uwanja wa saruji nyuma ya nyumba, ambako zamani tulikuwa tukianika kahawa, nikaanza kupakia. Kitanda changu. Kitanda cha baba. Jiko la chuma upande wa kushoto, ambalo nililipandisha kwa mbao na kamba. Meza, viti, sufuria, redio, picha ya Moyo Mtakatifu, chungu, ndoo, mkungu mmoja wa ndizi kutoka nyuma ya banda. Kiti cha kubembea juu kabisa, mwisho wa mkia. Kuku nilimfunga mguu kwenye kiti. Nilirudi ndani kutafuta vingine, na nyumba ilikuwa tupu, sauti ya viatu vyangu ikirudi kutoka ukutani. Nilitoka nikatazama gari. Bado kulikuwa na nafasi.

Nilipanda kwenye usukani, nikatia gia ya chini kabisa, nikaachia klachi. Gari lilitembea kwa magurudumu manne kama gari lolote linalokwenda sokoni. Nikasogeza kitanda nyuma zaidi. Nikasogeza jiko. Halikuinuka. Sikujua kwamba vitu vya mtu mmoja ni vyepesi hivyo.

Mzee Arcesio alipopita kuniuliza kama niko tayari, alizunguka gari mara moja, akachuchumaa, akachungulia chini ya mkia.

"Reli iko wapi?"

Nilimwonyesha mlangoni. Aliitazama jinsi nilivyoigonga ikang'aa mgongoni.

"Umeifanya fuawe," alisema. Alitaka kucheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa ikiinua pua."

Alikaa juu ya ndoo, akanieleza huku akiangalia kofia yake. Mwaka ule mama alipoondoka, baba alipakia kilichobaki na gari halikuinuka. Jumapili moja watu wakiwa kanisani alimwita Arcesio bandani, akamwambia nisaidie kushika hii, na usiongee. Walifunga zile bolti nne. Madereva wote walijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu mtu aliyepakia mke wake mwenyewe kwa mikono yake anaachiwa reli yake.

Nilimsikiliza nikiwa nimeshika kamba. Sikumwonea baba uchungu kwanza. Nilijionea uchungu mimi. Miaka yote ile nilikaa juu ya kiti kile nikiamini, na kumbe ilikuwa chuma. Nadhani niliacha shule kwa sababu ya neno moja la baba, kwamba bila mimi haliinuki, na neno lenyewe lilikuwa la kubembeleza mtoto.

Mzee Arcesio alinisaidia kuirudisha reli. Tulitumia jeki na tofali, tukatia bolti mpya. Aliniuliza kama nitakuja kesho. Nilimjibu kwa mabega, akaenda kufunga mzigo wake.

Nilirudi kwenye usukani. Gia ya chini. Klachi. Pua ilitikisika, ikapanda kama unene wa kidole, ikatua. Nikarudia. Ilitua tena. Nilizima injini, nikakaa na mikono mapajani. Basi hata hiyo reli haikutaka kunisaidia. Niliamua kupakua. Kuku alikuwa amejizungushia kamba shingoni, kwa hiyo nilianza na yeye. Nilishuka, nikaenda nyuma, nikakanyaga mlango wa nyuma, nikapanda juu ya kitanda, juu ya meza, mpaka kwenye kiti cha kubembea, na nilipokaa ili nimfungue mguu, anga lilisogea.

Niliona jua, kisha paa la Mama Ubaldina, kisha jua tena. Chini yangu springi zililia. Pua ya gari ilikuwa juu, imetulia, kama mnyama aliyeinua kichwa kunusa.

Nilimshika kuku, nikamtoa kamba shingoni. Reli haikutosha. Haikuwa imetosha hata siku moja. Baba aliifunga, akajaribu, akaona bado, ndipo akaniinua akaniweka juu. Alinidanganya kuhusu chuma, kuhusu mimi hakunidanganya.

Nilishuka polepole, pua ikateremka. Halafu nikafanya kile madereva wanachofanya. Niliwasha injini, nikatia gia ya chini, nikavuta ile nobu ya dashibodi inayoshikilia mafuta bila mguu, gari likaanza kutambaa. Nikaruka chini, nikakimbia nyuma, nikapanda. Lilipoinuka lilianza kuzunguka kushoto, upande wa jiko, polepole kabisa, mzunguko baada ya mzunguko juu ya saruji. Sufuria ziligongana. Moyo Mtakatifu ulitikisika kwenye fremu yake. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Nikatazama kando ya gari, mahali baba alipokuwa akitembea na kofia mkononi. Ilikuwa saruji tu, na kivuli chetu kikizunguka.

Ndipo nilipofikiria kushuka. Gari lililosimama lilinishusha taratibu. Hili lilikuwa linatembea. Nikiruka, pua itaanguka na gari litakwenda moja kwa moja ukutani, na kazi yote ya mwaka pamoja nalo. Nikibaki, litazunguka mpaka mafuta yaishe, na tangi nilikuwa nimelijaza kwa ajili ya kesho. Baba hakuwa na shida hii. Alikuwa chini na mimi nilikuwa juu.

Nilifungua mdomo. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka kidogo na injini ikaimeza. Mara ya tatu niliangalia ukuta, si mlango wake, ukuta tu.

"Mama Ubaldina! Naomba uje unizimie gari."

Alitokea kwenye upenyo wa ukuta, mikono imejaa unga wa mahindi uliokandwa. Alitazama mzunguko mzima.

"Enith, nani anaendesha?"

"Hakuna mtu."

"Ninaona hakuna mtu. Ndiyo maana nauliza." Alianza kutembea kando ya gari, kisha kukimbia kidogo, viatu vya ndani vikipiga saruji. "Linazimwaje hili?"

"Ufunguo. Geuza kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako, mama."

Aliufikia. Injini ilikufa. Alisimama akihema, akitazama magurudumu ya mbele yaliyokuwa bado hewani.

"Mbona halishuki?"

"Ni mimi," nilisema. "Ukining'inia kwenye bampa litashuka polepole, halitajigonga."

"Mimi nining'inie?" Lakini alikwenda mbele, akanyoosha mikono, akashika bampa, akaachia uzito wake wote. "Angalau mikate yote niliyokula imepata kazi," alisema kwa sauti iliyobanwa, huku pua ikiteremka naye mpaka miguu yake ikatua bapa. Nikashuka.

Tulisimama kila mmoja upande wake. Bampa lilikuwa na alama za vidole vyake, za unga. Alizifuta kwa aproni, akazidi kuzieneza.

"Na kesho mbele ya watu," aliuliza, "nani atakuzimia?"

Nilimtazama, nikaona ananisubiri kwa kweli, si kwa utani, na hilo lilinifanya nitazame chini.

"Unatakiwa kuwa hapa saa kumi na mbili asubuhi, mama," nilisema.

"Nguo yangu ya kijani haijapigwa pasi," alisema, akapita kwenye upenyo, akaondoka.

Sikupakua kitu. Nilifunika mzigo kwa turubai, nikaingia ndani ya nyumba tupu. Vitanda vyote viwili vilikuwa juu ya gari, kwa hiyo nilitandika gunia sakafuni. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia akitafuta pasi, akiitukana.