Wa Kwanza Kasansa

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Kasansa tulizika kimyakimya. Ikijulikana mtu kafa kwa kipindupindu, watu wa afya wanamchukua, wanamfunga kwenye nailoni, wanammwagia dawa na kumfukia mbali na kwao. Haogeshwi. Sisi Wasukuma tuliokuja na ng'ombe hatukukubali. Wapimbwe wenye kijiji nao hawakukubali. Kwa hiyo anayeharisha tulisema ana malaria, na akifa tulimwogesha wenyewe, tukamzika uani.

Ndivyo mdogo wangu Malale alivyomzika mkewe, Kija. Wiki hiyohiyo binti yao Scola akaanza kuharisha maji meupe, kama ya kuoshea mchele.

Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nesi Specioza alitazama macho ya mtoto yalivyozama.

"Dripu sina. Ziko Majimoto kwa bwana afya. Kimbia."

Nikachukua baiskeli. Kwa yale matope, sehemu kubwa niliibeba mimi. Bwana afya, Wilbert, nilimkuta amekalia boksi la dripu, anakula karanga.

"Kasansa? Kwenu hakuna kipindupindu, mzee. Taarifa yenu ni malaria tupu. Dripu zinakwenda penye vifo."

"Vifo vipo. Shemeji yangu amekufa."

"Nani alimwona?"

"Mimi. Kaburi nimechimba mimi."

"Mganga wa zahanati alimwona?"

"Hapana."

Akacheka. "Wasukuma bwana! Ng'ombe akifa mnatangaza mpaka Mpanda, mtu akifa mnaficha. Sasa dripu nimpe nani, malaria?"

"Mpe mtoto. Makaburi nitakuonyesha yote. Fukueni mkitaka."

Hilo la kufukua hakuna aliyenituma kulisema. Nililisema.

Aliziweka karanga kando. Nadhani aliniamini. Lakini wakubwa wake, alisema, hawatoi kitu kwa maneno. Kwanza choo cha mtoto kipimwe. Akanipa kichupa. "Jibu likirudi tu, gari linakuja."

Kichupa nilikipeleka, nikakirudisha kimejaa. Jibu likatoka. Gari likaja kweli, maboksi mpaka juu. Scola alikuwa ameshakufa kwenye kitanda cha zahanati, nesi akimwona, kama walivyotaka.

Wilbert mwenyewe ndiye aliyemfunga nailoni. Malale hakumzuia. Aliuliza tu:

"Mmemwandika?"

"Tumemwandika, ndugu yangu. Ndiye wa kwanza Kasansa."

"Wa kwanza ni mama yake."

"Huyo hatuna."

Malale akamshika mkono, akamburuta kwenye matope mpaka uani kwake, penye udongo ambao ulikuwa haujaota hata jani.

"Huyu hapa," alisema.

Wilbert aliutazama ule udongo. Kisha akakung'uta viatu, akarudi kwenye gari kushusha dripu.