Kurasa Kumi na Moja

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu, saa kumi za jioni, Mzee Casimir, président wa komite ya kanisa letu, aliingia uani kwetu, hapa mjini Baraka, Kongo, akiwa na mfuko mtupu wa unga mkononi. Aliuliza kitabu kiko wapi.

Siku hiyo siikosei. Kuna watu wanaosahau tarehe ya harusi yao; mimi ile nitakufa nayo. Mihogo ilikuwa imekauka juu ya turubai. Mke wangu Gloriose alikuwa ametoka kunawa mikono, kwa sababu hakushika kitabu hata mara moja akiwa na unga vidoleni. Binti yetu Itangishaka alikuwa amekwisha kutandika mkeka upande wa ukuta unaopokea mwanga wa mwisho, maana kwetu jua huanguka nyuma ya milima mapema, na likianguka kusoma kumekwisha.

"Bitabu byote binarudi kwa biro ya kanisa," Casimir akasema. "Mugeni anatoka Bukavu kuja kufungua bibliothèque, ile kabati ya bitabu. Hatuwezi kumuonyesha kabati tupu."

"Zimebaki kurasa kumi na moja, Mzee," Gloriose akamjibu. "Acha tumalize. Kesho asubui nitakileta mi mwenyewe."

"Kila muntu ananiambia kesho."

"Basi leo. Itangi, mupe Mzee kiti. Akae, asikilize na yeye. Pengine kitamufaa."

Mama mmoja wa kwaya, aliyefuatana naye na beseni la vitabu kichwani, alicheka. Casimir hakucheka. Alifungua mdomo wa mfuko, akausogeza mbele ya mke wangu kama mtu anayekusanya mahindi ya zaka.

Gloriose akachana utepe kwenye pindo la kitenge chake, kile cha njano chenye ndege, akauweka ndani ya ukurasa tuliofikia. Akakitia kitabu mfukoni taratibu, jinsi unavyolaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Tangu utoto nimefundishwa kwamba mtu wa komite hajibiwi, na mafundisho hayo ndiyo niliyoyashika kuliko yote niliyopewa shuleni kwa miaka mitatu niliyokaa huko.

Ni lazima nieleze vitabu vile vilikuwa nini, ili mtu asidhani nalilia karatasi.

Tulipokimbia Burundi mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, tulivuka na sufuria mbili na jembe lisilo na mpini. Hapa tukapata kipande cha shamba kwa watu wa hapa, na kanisani tukakuta katoni la vitabu: hadithi za Kikristo, za Kifaransa karibu zote, na disque za filme, pamoja na mashine ndogo ya kuzionyeshea. Vitabu havikuwa na nyumba. Vilitembea. Leo kimoja kiko kwa wavuvi wa Swima, Jumapili ijayo kinapanda kwa wakulima, mwezi ujao kinarudi kikinuka samaki. Kila familia ilikitunza kwa zamu, na sijawahi kusikia kimoja kimepotea. Wale watu wasio na mlango wa mbao walilinda vitabu vya kanisa kuliko chumvi.

Gloriose alikuwa amefika sekondari. Alisoma kwa macho ya Kifaransa na mdomo wa Kiswahili: jicho linapita juu ya mstari, sentensi inatoka imegeuzwa tayari, na vichekesho vyake juu. Jumapili baada ya ibada, zamu ya mashine ikiwa kwetu, majirani walijaa chumbani. Yeye alishika kitufe cha kusimamisha. Anasimamisha, anaeleza, tunabishana, anaendelea. Filme ya saa moja na nusu ilituchukua mchana mzima. Mama Constance, jirani yetu, alikuwa akimpigia kelele mchungaji wa kwenye filme: "We pasta, geuka! Huyu shemasi wako ni mwizi, sisi wote tumemuona!"

Mara moja, mzee wa filme alipomkuta mwanawe aliyepotea akiosha vyombo sokoni, Mama Constance alinitazama mimi badala ya kioo.

"Jameni, Baba Itangi analia!"

"Ni moshi," nikasema.

"Moshi ya wapi? Tangu asubui hamujawasha moto hapa!"

Walinicheka mwezi mzima. Na mimi, nawaambia, sijawahi kuwa na utajiri mwingine.

Kitabu hiki kilichobakiza kurasa kumi na moja kilifika kwetu bila jina. Kifuniko chake kilikuwa kimekufa zamani. Gloriose alikivalisha karatasi ya mfuko wa saruji na kukibandika kwa uji wa muhogo. Kilikuwa habari ya ndugu wawili. Mkubwa ni mfua vyuma. Mdogo anamsingizia kwa wakubwa wa serikali, mkubwa anafungwa miaka saba, mdogo anakula nyumba. Halafu mkubwa anatoka, anajenga upya, na siku moja ya mvua anasikia mtu anabisha. Anaijua ile sauti ya kubisha: mara mbili, kimya, mara moja. Ndiyo waliyobishia wakiwa watoto.

Gloriose hakuchagua kitabu hicho kwa bahati; aliyekileta alimwambia ni cha ndugu waliokosana. Nilimjua.

Mimi nina mdogo wangu, Ndabaneze. Alibaki kule kilimani kwetu. Tulipokuwa hatuna hata mwaka mmoja ugenini, alikwenda mbele ya wakubwa, akainua mkono, akaapa kwamba mimi nimekufa. Wakubwa hawakuuliza kaburi. Walipiga muhuri. Shamba la baba yetu likauzwa, na mimi, mwenye meno yangu yote, nikawa marehemu kwa karatasi. Miaka ikapita, akatafuta namba yangu, akanitumia sauti kwenye telefone: "Kaka, nilikosa. Nipe ruhusa nikuone." Gloriose aliisikiliza mara mbili.

"Umupigie," akaniambia.

"Maiti hapigi telefone."

"Claver!"

"Si wamenizika? Wamupigie wale waliopiga muhuri."

Hakugombana. Jioni ile ile akafungua kitabu cha mfua vyuma. Tulikwenda nacho wiki tano, kurasa nne, tano kwa siku, mimi nikikoboa mahindi, Itangishaka akiegemea goti la mama yake. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja: hakuna kusoma mbele. Gloriose alisema kusoma mbele ni kuanza kula wenzako wangali wamefumba macho wanaomba. Aliishika sheria hiyo yeye wa kwanza. Hivyo Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, tulipofika mahali mdogo amebisha, mkubwa ameinuka, ameweka mkono kwenye komeo, na jua likaanguka, hata yeye hakujua kinachofuata.

"Nitakuambia kitu," nikasema. "Yule akifungua, nami nitamupigia Ndabaneze."

"Na asipofungua?"

"Usinisumbue tena."

Alinyoosha mkono wake, akaushika wangu. "Itangi, we ni shahidi."

Kesho yake ndiyo Casimir akaja na mfuko.

Siku kumi baadaye homa ilimwangusha Gloriose shambani. Tulimbeba kwa moto, pikipiki ya kukodi, mpaka hospitali, katikati yangu na dereva, kichwa chake kikigonga kifua changu kwa kila shimo. Walisema damu imepungua. Alipopata nafuu kidogo, hakuuliza shamba, hakuuliza mbuzi.

"Kitabu kilirudi?"

Nilikwenda kwa Casimir. Alikuwa dukani kwake karibu na soko, akipanga sabuni. Nikavua kofia, nikamwambia mke wangu anaumwa, anaomba kile kitabu kwa siku moja tu, mimi mwenyewe nitasimama mlangoni mwa hospitali nikilinde.

"Mugeni hajafika," akasema. "Daraja limekatika kule juu, barabara mbaya. Kabati halifunguliwi kabla yeye hajafika."

"Kitabu kimoja, Mzee."

"Kufuli iko mbili. Ufunguo mumoja kwangu, wa pili kwa pasta, na pasta ameenda Misisi. Tulifanya vile ili bitabu bikae salama. Mu manyumba yenu kuko moshi, kuko panya, kuko batoto." Akapanga kipande kingine cha sabuni. "Hospitali kuko Biblia. Umusomee Biblia."

"Biblia mwisho wake tunaujua, Mzee."

"Unatukana Neno?"

Sikutukana. Nilisema kweli. Nilirudi mara ya pili, pasta bado Misisi. Mara ya tatu Casimir alinitumia mtu wa dukani aseme hayupo, na mimi nilikuwa naviona viatu vyake chini ya pazia.

Nikarudi kwenye kitanda cha Gloriose.

"Bamekataa?"

"Pasta anarudi kesho."

Aliniangalia. Mwanamke aliyekufulia mashati miaka kumi na tisa humdanganyi. "Basi useme we," akanong'ona. "Unafikiri alifungua?"

Hapo ndipo ninapojichukia, na hapo ndipo ninapowachukia wao zaidi. Nilikuwa na hasira ya njiani, hasira ya viatu vile, na sikuwa na mahali pengine pa kuitupa. Nikamjibu: "Mi najua nini? Mi si muntu wa bitabu."

Akafumba macho. Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, asubuhi, kengele ya kwanza ikilia, akaondoka. Kanisa lilituma wimbo, na Casimir alisema maneno marefu juu ya mama aliyependa kusoma. Alisema kusoma! Mbele ya jeneza! Mama Constance alinishika mkono wa shati, maana alinijua.

Mgeni alifika mwezi wa nane. Alikuwa mtu mpole, miskini, hakuwa na kosa. Alikata utepe mwekundu, akapigwa picha mbele ya vioo vya juu vya kabati, vitabu vimepangwa kwa urefu kama askari. Akasema amefurahi sana kuona jinsi vitabu vinavyotunzwa. Akala kuku, akapanda gari. Saa moja na nusu, pamoja na kuku: muda ule ule wa filme moja isiyosimamishwa.

Nikasubiri vumbi litulie. Nikamwendea Casimir mbele ya watu, Itangishaka kando yangu.

"Sasa nipe kile kitabu."

Hakikuwa kwenye vioo. Vile vibovu, vile visivyo na kifuniko, walikuwa wamevilaza chini, kwenye milango ya mbao, visiaibishe picha. Funguo mbili zikazungushwa. Mlango uligoma kwanza. Kisha ukatoka na udongo.

Kabati walikuwa wameliegemeza kwenye ukuta wa matofali mabichi, juu ya sakafu ya udongo, miezi mitano bila mtu kuligusa. Ni nani mtoto wa hapa asiyejua kwamba kitu cha mbao usichokisogeza kwenye ukuta wa udongo umewapa mchwa? Kwetu hata kigoda tunakihamisha. Watu wa moshi, watu wa panya, tunajua. Komite ya wasomi sita haikujua.

Nilikitambua kwa ule utepe wa njano. Kilikuwa kimelala chali, mgongo chini, na mchwa walianza kutoka nyuma. Walikuwa wamekula mwisho wote, wakajaza udongo mwekundu mahali pa maneno, wakafika kwenye kitenge, wakaishia hapo.

Casimir alikohoa. "Mambo ya mchwa ni ya Mungu," akasema.

"Mungu hakushika ufunguo," nikamwambia, nikaondoka nacho.

Nilipeleka neno kwenye komite. Nikauliza: mlikuwa mnavilinda dhidi ya nani? Waliandika kwenye daftari lao kwamba jambo litaangaliwa. Wakaniwekea kiti nikae, wakasahau kwamba nimekaa, wakazungumzia rangi ya kupaka kabati jipya. Mashine ya filme nayo imo ndani, upande wa vioo, safi. Jumapili watoto wa mtaa wanapita kwangu, wanachungulia chumba, wanaendelea na safari yao.

Nimewauliza wote waliowahi kukishika kitabu kile. Mvuvi wa Swima anakumbuka sehemu ya gereza. Mwalimu mmoja anasema hakufika mbali. Kitabu bila jina huwezi kumwagiza mtu akitafute Bukavu. Utamwambia alete kipi?

Siku hizi Itangishaka ana miaka kumi na sita, Kifaransa chake kimekomaa. Jioni ananisomea mwanzo tulionao, akigeuza kama alivyogeuza mama yake, hata vichekesho anavipatia mahali pake. Tunafika kwenye utepe, mwezi unaofuata tunaanza tena.

Wiki iliyopita tulifika huko. Mvua, kubisha mara mbili, kimya, mara moja. Mfua vyuma akaweka mkono kwenye komeo. Itangishaka akafunga kitabu. Na telefone yangu, iliyokuwa juu ya mkeka kati yetu, ikaanza kulia, na jina la Ndabaneze likawaka juu yake. Sikuichukua. Sikuizima pia.

Mtoto aliitazama ile telefone, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, ile ya mama yake:

"Baba, yule mukubwa alifungua mulango?"